James Parkinson, tabibu aliyeupa jina ugonjwa wa kutetemeka

JAMES Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa kwa jina lake, hakuishi kulijua jambo linalowatia wagonjwa wengi wasiwasi hivi leo, nalo ni uhusiano wa maradhi hayo na saratani.

Alizaliwa Aprili 11, 1755 katika eneo la Hoxton, akairithi kazi ya utabibu kutoka kwa baba yake. Hakuwa mtu wa kukaa kimya. Kwa jina la bandia aliandika vijitabu vya kuwatetea wanyonge, na mwaka 1794 alihojiwa mbele ya Baraza la Mfalme kuhusu njama iliyodaiwa ya kumuua Mfalme George III.

Kijitabu chake maarufu cha mwaka 1817 kilieleza habari za wagonjwa sita tu, wengine akiwa amewaona barabarani. Alifariki dunia Desemba 21, 1824. Ni Jean-Martin Charcot wa Ufaransa aliyeupa ugonjwa huo jina lake baadaye.

Wagonjwa sita wasingetosha kulijibu swali la saratani. Tafiti kubwa, nyingi zikiwa za nchi za Magharibi, zimeonyesha kuwa wenye Parkinson hupata saratani nyingi kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, hasa ya mapafu, pengine kwa kuwa wengi wao si wavutaji sigara. Melanoma, saratani ya ngozi, ndiyo huwapata zaidi. Dawa ya levodopa iliwahi kushukiwa, lakini hatari hiyo huonekana hata kabla mgonjwa hajaanza kuitumia. Ndiyo maana madaktari huwashauri wagonjwa hao wakaguliwe ngozi mara kwa mara.