Robert Koch na somo la kupima kabla ya kutibu

Mwaka 1897 daktari mmoja Mjerumani alishuka bandari ya Dar es Salaam akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Alikaa huku hadi mwaka uliofuata, akichunguza malaria na tauni. Jina lake ni Robert Koch. Kama wewe ni mzazi unayeishi Kinyerezi na mtoto wako anakohoa, maisha ya mtu huyu yanakuhusu.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, akahitimu udaktari mwaka 1866. Baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Huko, nje ya saa za kuona wagonjwa, alichunguza damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 alionyesha kwamba ugonjwa huo unaletwa na bakteria wa aina moja.

Siri ya kazi yake ilikuwa kutenganisha. Katika tone la makohozi au usaha kuna vijidudu vingi, na huwezi kumjua mkosaji akiwa katikati ya umati. Koch aliona kwamba kwenye kipande cha kiazi kilichochemshwa kila aina ya kijidudu huota doa lake peke yake. Kwa kutenganisha hivyo, Machi 24, 1882 aliwatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu (TB). Miaka miwili baadaye, akiwa India, alimtenganisha yule wa kipindupindu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 1890 Koch alitangaza dawa ya TB iliyokuja kuitwa tuberkulini, akaficha ilivyotengenezwa. Ilikuwa mchanganyiko uliotokana na bakteria hao, wala haukuwa umepimwa vya kutosha. Wagonjwa walimiminika Berlin; wengi hawakupona na baadhi walifariki. Baadaye madaktari wengine waligundua kuwa inafaa kama kipimo cha ngozi, na bado hutumika hivyo.

Mwaka 1906 alirudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale. Katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Dozi ilipopandishwa, baadhi yao walipofuka kabisa. Hao walikuwa watu wa kwetu, na walilipa gharama ya haraka ya daktari maarufu. Koch alifariki Mei 27, 1910.

Leo wanasayansi hutenganisha hata zaidi ya alivyofanya Koch. Baadhi ya bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo hutoa kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: hukata kingamwili zinazolinda pua na koo. Ili kukichunguza, watafiti huchukua jeni yake na kuipandikiza katika bakteria wa maabara asiye na madhara, naye hukitengeneza kwa wingi. Kikishachujwa kikabaki peke yake, wanaweza kuona kinakata nini na ni kitu gani kingekizuia. Hiki ni kifaa cha utafiti. Hakuna mgonjwa anayepewa. Njia hiyohiyo ya kutengeneza protini moja moja imetupa vipimo vipya vya ngozi vya kutambua maambukizi ya TB, ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2022.

Sasa turudi nyumbani kwako. Kikohozi kikianza, wengi wetu hukimbilia duka la dawa na kununua antibiotiki bila kipimo. Baadhi ya dawa hizo hutuliza dalili za TB kwa muda bila kuiponya. Mgonjwa anadhani amepona, kumbe anaendelea kuambukiza walio chumba kimoja naye, watoto wakiwemo.

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku au ukipungua uzito, nenda kituo cha afya uombe kupimwa makohozi. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa za TB ni bure. Kama mtu mzima nyumbani ana TB, mpeleke na mtoto akachunguzwe, hata kama hakohoi. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi, hivyo daktari anaweza kuchukua sampuli kutoka tumboni au kwenye choo chake. Chanjo ya BCG anayopewa akizaliwa humkinga zaidi na TB kali ya utotoni, lakini haimaanishi kwamba hawezi kuugua.

Na mtoto akipumua haraka haraka, kifua kikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, usisubiri wiki mbili. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.