Doppler, mwenye jina la kipimo cha mishipa ya mguu

Mama, ukiandikiwa kipimo cha Doppler, ujue hilo ni jina la mtu. Christian Doppler alizaliwa mwaka 1803 huko Salzburg, Austria, katika ukoo wa waashi wa mawe. Mwili wake ulikuwa dhaifu kwa kazi hiyo, akasomeshwa. Mwaka 1842, akifundisha Prague, alieleza kwamba mawimbi hubadilika chanzo chake kikikusogelea au kukuacha. Umeshalisikia hilo: honi ya gari likija huwa kali, likishapita hushuka. Yeye aliwaza nyota, si damu. Alifariki Venice mwaka 1853 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 49 tu. Miaka ya 1950 watafiti wa Japani walitumia wazo lake kupima mwendo wa damu.

Leo utapakwa jeli, kifaa kipitishwe juu ya ngozi. Hakuna sindano wala mionzi. Penye damu iliyoganda, mwendo hupungua au hukatika. Basi mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya kujifungua, usiukande (najua wengi hukimbilia maji ya moto). Nenda kituoni siku hiyo hiyo. Pumzi ikikubana, usisubiri hata saa moja.