Ralph Bunche: Mwanafunzi wa Kenyatta aliyesuluhisha vita

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1937, jijini London, msomi mmoja Mmarekani mweusi alikuwa akijifunza Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Mwanafunzi huyo, Ralph Bunche, mwaka 1950 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Bunche alizaliwa Detroit, akafiwa na mama yake angali kijana mdogo na kulelewa na bibi yake huko Los Angeles. Alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1928, na ya uzamivu mwaka 1934.

Hakusomea usuluhishi kwa jina hilo, kama wanavyosoma wengi vyuoni leo. Tasnifu yake ililinganisha utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey, ambayo sasa ni Benin, na alisafiri hadi huko kukusanya habari. Baadaye alisomea anthropolojia London, na mwaka 1938 alikuwa Kenya akichunguza maisha ya Wakikuyu. Elimu hiyo ilimzoesha kusikiliza kabla ya kuamua.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Septemba 17, 1948, pale mpatanishi wa Umoja wa Mataifa, Folke Bernadotte wa Sweden, alipouawa Jerusalem. Bunche, aliyekuwa msaidizi wake, alirithi jukumu hilo la hatari.

Januari 1949 aliwakutanisha Wamisri na Waisraeli katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Hakuanza na mambo mazito. Kwanza alizungumza na kila upande peke yake, kisha akawataka wakubaliane juu ya ajenda tu na kuitia saini, ili mikono izoee kukubali. Baada ya wiki sita, Februari 24, mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa saini. Lebanon, Jordan na Syria zilifuata kabla ya Julai kwisha.

Mikataba hiyo haikuwa amani kamili. Mistari iliyochorwa ilidumu hadi vita vya mwaka 1967, na mgogoro wenyewe haujapata ufumbuzi. Hata hivyo, bunduki zilinyamaza, na hayo ndiyo aliyotumwa kuyafanya.

Mwaka huohuo wa 1949, Rais Harry Truman alimpa wadhifa wa juu katika Wizara ya Mambo ya Nje. Bunche aliukataa, kwa kuwa Washington ilikuwa bado inawatenga weusi. Aliyewaketisha maadui meza moja hakuwa tayari kuilea familia yake katika mji wa ubaguzi.

Aliendelea kuutumikia Umoja wa Mataifa, ikiwamo Suez mwaka 1956 na Congo mwaka 1960, hadi mwaka 1971 maradhi yalipomlazimisha kustaafu. Alifariki dunia New York Desemba 9 mwaka huo.