Kivengere na safari ya baiskeli ya kuomba radhi

Kutoka Bungoma mjini, upite Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini mpaka uingie Kitale, ni kama kilomita 80 hivi. Mwambie kijana wa bodaboda akupeleke, atakuitisha pesa za maana. Sasa fikiria kuipiga safari hiyo kwa baiskeli, na huko uendako ni kumwomba radhi mtu usiyetaka hata kumwona. Mwalimu mmoja wa Uganda, Festo Kivengere, aliwahi kuendesha umbali kama huo kwa sababu hiyohiyo, tena katika nchi ya milima.

Kivengere alizaliwa yapata mwaka 1919 upande wa Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika ukoo wa kifalme. Utotoni alichunga ng'ombe. Akiwa shuleni aliamini, kisha imani ikapoa, na aliporudi nyumbani kufundisha, pombe ndiyo iliyokuwa rafiki yake.

Wakati huo Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulikuwa umeshaingia kwao. Watu walisimama mbele ya wenzao na kuungama, wengine wakirudisha vitu walivyoiba. Kwa mtu anayeikimbia dhamiri yake, kijiji kama hicho hakikaliki. Kivengere aliwakwepa walokole na kuwachukia. Jioni anakunywa asahau, asubuhi aibu iko palepale inamngoja.

Mduara huo vijana wa Kitale na Bungoma wanaujua, hata wasioonja chang'aa. Kijana amebeti karo ya dada yake ikaliwa yote, sasa anazima simu kila anapopigiwa kutoka nyumbani. Msichana amepata mimba akiwa shuleni, ameacha kwenda kanisani kwa kuwa anahisi kila jicho linamsoma yeye. Hatia ya namna hiyo haikuonyeshi pa kuanzia. Inakuita takataka, basi, halafu inakuacha hapohapo.

Siku moja mwaka 1941, Kivengere alikutana na rafiki yake aliyekuwa amejaa furaha isiyo ya kawaida. Rafiki akamwambia kwamba amempokea Yesu saa chache tu zilizopita, kisha akamwomba radhi kwa mambo yaliyokuwa kati yao. Kivengere akabaki mdomo wazi. Alienda nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, na jinsi alivyosimulia miaka mingi baadaye, ni kama alimwona Yesu msalabani mbele yake. Alichokielewa ni kwamba alipendwa akiwa bado katika ulevi wake, wala hakuhitaji kujisafisha kwanza. Hilo ndilo lililomvunja.

Ungedhani kisa kimeisha hapo, kumbe bado. Hatia ya zamani ilikuwa ukungu usio na umbo. Sasa ikaanza kuwa na majina ya watu, na jina moja lilikuwa la Mwingereza aliyemchukia sana. Jamaa akapanda baiskeli, maili 50.

Huo ulikuwa wakati wa ukoloni. Kivengere angeweza kujitetea kwamba Wazungu ndio wenye makosa, na asingekosa ushahidi. Lakini alikwenda kutaja chuki yake mwenyewe, ile aliyoibeba moyoni, akamwita yule Mwingereza ndugu. Wakakumbatiana, machozi yakawatoka. Kwa maoni yangu, la kuangalia hapa ni mpangilio wa mambo: hakukanyaga pedali zile ili anunue msamaha wa Mungu. Alikuwa ameshaupokea, ndiyo maana miguu ikapata nguvu.

Baadaye alifundisha Dodoma, na mwaka 1960 akawa mkalimani wa Billy Graham. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, chini ya utawala wa Idi Amin. Februari 1973, wanaume watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale. Askofu aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kwanza, akienda kuwafariji. Akawakuta tayari nyuso zimeng'aa, mmoja akimweleza kwamba Kristo amemsamehe dhambi zake zote. Faraja aliyoipeleka aliikuta imemtangulia.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kivengere na mkewe Mera wakatoroka usiku kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba ile chuki ya zamani imerudi, safari hii kwa Amin. Huyu ni askofu, mhubiri anayejulikana duniani! Mwingine angesema wokovu wake ulikuwa bandia tangu mwanzo, akakata tamaa. Yeye aliungama palepale. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema wazi kwamba anampenda Idi Amin.

Alirudi Uganda mwaka 1979 Amin alipoanguka, akaendelea kuwa askofu wa Kigezi hadi saratani ya damu ilipomuua Nairobi, Mei 18, 1988.