Wakili Aliyeandika Usiku

Wako miongoni mwetu wanaopenda vitabu vya kesi za mahakamani, vile ambavyo mtu hazimi taa mpaka ajue nani aliua. Basi leo tumwangalie bwana mmoja aliyewazoeza watu wengi kuvisoma.

Erle Stanley Gardner alizaliwa Malden, Massachusetts, huko Marekani, mwaka 1889. Katika chuo cha sheria hakudumu. Alipenda ngumi kuliko masomo. Alijifunza sheria katika ofisi za mawakili, na mwaka 1911 akapata ruhusa ya kutetea watu katika jimbo la California. Huko Oxnard wengi wa wateja wake walikuwa Wachina na Wameksiko, wageni ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Mchana alikuwa mahakamani, usiku kwenye mashine ya taipu. Magazeti ya hadithi yalimlipa kwa hesabu ya maneno, naye alitania kwamba ndiyo sababu shujaa wake humkosa adui kwa risasi zote ila ya mwisho. Kila mlio una malipo yake! Nyingi za hadithi hizo zimesahauliwa, wala si hasara kubwa.

Mwaka 1933 kilitoka kitabu cha kwanza cha wakili Perry Mason, na hadi kufa kwake aliandika zaidi ya 80. Alizisema hadithi kwa mdomo, makarani wakapiga chapa. Mpango wake ni karibu ule ule. Mtu anashtakiwa kwa kuua. Ushahidi wote unamwelekea yeye, hata msomaji anaanza kumshuku. Ndipo Mason anasimama kumhoji shahidi, anauliza jambo dogo juu ya saa au ufunguo, na uongo unafumuka kama mshono mbovu.

Wengine husema raha ya vitabu hivi ni werevu wa wakili. Mimi nadhani ni ile hofu. Tunajua kwamba asiye na hatia anaweza kuhukumiwa, na tukisoma tunajiona sisi wenyewe kizimbani, tukingoja atakayesimama kwa ajili yetu.

Gardner aliijua hofu hiyo nje ya vitabu. Katika miaka ya 1940 aliletewa karatasi za kesi ya William Lindley, aliyekuwa amehukumiwa kufa California. Alizisoma zote, akapanga saa na dakika za siku ile ya mauaji, akaona kwamba mambo hayalingani. Akawaandikia wakubwa. Lindley hakuuawa, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1948, pamoja na gazeti la Argosy, alikusanya wapelelezi na wataalamu wa kuchunguza kesi za wafungwa waliodai kuonewa. Clarence Boggie, aliyefungwa maisha katika jimbo la Washington, alipata msamaha mwaka huo huo. Kazi hii ilimnyima Gardner muda mwingi ambao angeweza kuutumia kuandika vitabu vya kumletea fedha.

Hadithi za Mason zilionyeshwa katika televisheni tangu 1957 hadi 1966. Katika ile ya mwisho kabisa Gardner mwenyewe aliigiza, akiwa na umri wa miaka 76. Alikalia kiti cha jaji. Alifariki California, Machi 1970.