Nietzsche, profesa aliyekatazwa kusoma

Jina lake huandikwa Friedrich Nietzsche, na hutamkwa karibu kama Niiche. Wengi wamelisikia kwa sababu ya mawazo yake kuhusu dini na maadili, ambayo yanabishaniwa hadi leo. Mabishano hayo leo tunayaacha. Tunataka kuzungumzia kichwa chake na macho yake, kwa sababu mtu huyu aliishi miaka mingi na maumivu ambayo baadhi yenu wasikilizaji mnayafahamu vizuri, tena kwa pesa ya kuhesabu.

Alizaliwa mwaka 1844 katika kijiji cha Röcken, Ujerumani. Baba yake, mchungaji wa kijiji hicho, alifariki kwa ugonjwa wa ubongo akiwa na miaka 35. Mtoto alikuwa na miaka minne tu, na hofu kwamba huenda ameurithi ugonjwa huo haikumtoka. Alipokuwa shule ya bweni alilazwa mara kwa mara kwa ajili ya kichwa, na mapema kabisa ilijulikana kwamba vitu vya mbali havioni sawasawa.

Pamoja na hayo alisoma sana. Mwaka 1869, akiwa na miaka 24, Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kilimwajiri kufundisha lugha na maandishi ya Wagiriki wa kale. Mwaka uliofuata alikwenda kuhudumia majeruhi katika vita vya Ufaransa na Prussia, akarudi na kuhara damu na dondakoo. Tangu hapo afya yake haikutulia tena.

Waliochunguza habari zake wengi wanaona kwamba alikuwa na kipandauso. Kwa asiyekijua, kipandauso ni zaidi ya kuumwa kichwa kwa kawaida. Mara nyingi maumivu hupiga upande mmoja, tumbo huchafuka, mwanga huchoma macho na kelele ndogo huwa mateso. Wengine huona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza. Kikimshika mtu kinaweza kukaa saa chache au hata siku tatu. Nietzsche alikuwa akilala gizani na kutapika mpaka tumbo likawa tupu, kisha akiamka, kazi imelala.

Alitafuta tiba kila alikoambiwa. Mwaka 1875 alikwenda Steinabad kwa daktari wa tumbo aliyempangia chakula. Mwaka 1878 alikwenda Baden-Baden kutibiwa kwa maji baridi. Kila safari ilikuwa na gharama yake, nauli, malazi na ada ya daktari, na kila mara nafuu ilikuwa ya muda. Tusiwalaumu sana madaktari wale. Dawa za kuzuia kipandauso tunazozijua leo hazikuwapo.

Pigo kubwa lilikuja Oktoba 1877 mjini Frankfurt. Daktari wa macho alimpima akakuta madhara nyuma ya macho yote mawili, kwenye utando unaopokea mwanga. Akaambiwa asisome wala kuandika kwa miaka kadhaa. Kwa profesa wa lugha, hilo ni sawa na mkulima kuambiwa asishike jembe.

Alijikaza hadi Mei 1879, akaacha kazi akiwa na miaka 34. Mwaka huo peke yake alihesabu siku 118 za maumivu makali. Alikuwa anaukaribia umri aliofia baba yake, na aliamini naye anakufa.

Hakufa. Basel ilimpa malipo ya kustaafu ya faranga 3,000 kwa mwaka, mwanzoni kwa miaka sita, baadaye yakaongezwa. Zilimtosha mtu mmoja asiye na familia, mradi asitapanye. Rafiki yake Franz Overbeck, profesa mwenzake, alimshikia fedha hizo na kumtumia kidogo kidogo popote alipokuwa.

Hapo ndipo alipoanza kuyapanga maisha yake kulingana na ugonjwa, na sehemu hii ndiyo iliyotuvutia zaidi. Alihama kwa majira, akitafuta hewa iliyomfaa. Wakati wa baridi alikaa karibu na bahari, kwa mfano Genoa, Italia, katika chumba cha bei nafuu juu ghorofani. Kiangazi alipanda milimani hadi Sils Maria, Uswisi, akapanga chumba kidogo kwa faranga moja kwa siku. Alitembea kwa saa nyingi na daftari dogo mfukoni. Wazo likija aliliandika kwa penseli, mistari michache tu, kabla macho hayajachoka. Kitabu kizima cha mwaka 1879 kilipatikana hivyo, na rafiki yake Heinrich Köselitz ndiye aliyenakili mwandiko ule mbaya kwa usafi. Köselitz pia alimsomea na kuandika alichotamkiwa. Bila macho ya rafiki huyu, vitabu vingi visingefika kiwandani.

Mwaka 1882 alijaribu mashine. Ilikuwa taipureta ya mviringo iliyobuniwa na mchungaji wa Denmark, Rasmus Malling-Hansen, aliyefundisha viziwi. Mtu aliweza kuandika kwa vidole bila kutazama. Ilifika Genoa ikiwa imeharibika njiani, ikatengenezwa, ikafanya kazi wiki chache, kisha unyevu ukaishinda.

Kuna jambo alilofanya ambalo hatushauri mtu alifuate. Alikuwa na shahada ya udaktari, lakini si ya tiba. Akiwa Italia alijiandikia mwenyewe dawa kali ya usingizi, akatia saini kama Daktari Nietzsche, na duka la dawa likampa bila kumuuliza. Leo inajulikana kwamba kumeza dawa za maumivu karibu kila siku kwaweza kukileta kichwa kile kile unachokikimbia. Na kichwa kikipasuka ghafla kuliko wakati wowote, au jicho likipoteza nuru, usisubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vitabu vyake havikununuliwa. Kuanzia 1885 alilipia uchapaji mwenyewe kutoka kwenye faranga zile zile. Nakala za sehemu ya mwisho ya kitabu kimoja zilikuwa 40 hivi, za kugawia marafiki.

Januari 1889, mjini Turin, akili yake ilivurugika. Overbeck alipanda treni akamfuata. Hospitali iliandika kwamba ni kaswende. Madaktari waliokuja baadaye wameipinga, wengine wakitaja uvimbe kwenye ubongo, wengine ugonjwa wa kurithi kama alivyohofia. Mama yake, Franziska, alimchukua nyumbani Naumburg mwaka 1890, akamwogesha, akamlisha na kumtembeza mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1897. Dada yake alimhamishia Weimar, na huko alifariki tarehe 25 Agosti 1900, akiwa na miaka 55. Nyumba ya Sils Maria alikopanga kile chumba cha faranga moja sasa ni makumbusho.