Najdorf: mbao 45 akitafuta jamaa yake

Mwezi wa kwanza 1947, muji wa São Paulo, inchi ya Brazil. Mbao 45 za sataranji zilipangwa, na kila ubao na mchezaji wake. Aliyepambana nazo zote kwa mara moja, Miguel Najdorf, hakuona hata moja. Alitajiwa tu kete gani imesogezwa, anajibu kwa mdomo, wanapita kwa ubao mwingine. Vile vile zaidi ya masaa 23.

Najdorf alizaliwa Poland mwaka wa 1910, mu jamaa ya Wayahudi. Mwaka wa 1939 alikuwa Buenos Aires, Argentina, na timu ya inchi yake kwa mashindano ya dunia. Mashindano bado yanaendelea, jeshi la Hitler likaingia Poland. Hakurudi tena. Bibi yake, mtoto wao wa kike, wazazi na ndugu zake walibakia kule, ndani ya vita.

Namna ya kuwapata haikuwepo. Akawaza kwamba akifanya jambo kubwa sana, magazeti yatalitangaza, na pengine mmoja wao, popote alipo, ataona jina lake. Mwaka wa 1943 alijaribu kule Rosario, Argentina: mbao 40, bila kuona. Kimya. Ndiyo sababu akaongeza hadi 45.

Alishinda 39, akatoka sare 4, akapoteza 2 tu. Habari ikaenea. Lakini bibi, mtoto, wazazi na ndugu walikuwa wamekwisha kuuawa na Wanazi.

Alibakia Argentina, akaoa tena, akauza bima, akacheza hadi uzee. Alifariki 1997.